Kati ya Zuri na Baya: Uhakiki wa "So-so" na "Somehow" ya Kampala katika Tafsiri ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna vielezi viwili vya Kiingereza vinavyotaja hali ya kati, yaani "so-so" na "somehow" kama inavyotumika jijini Kampala, vinavyofasiriwa kwa Kiswahili. Hoja ya kwanza ni kwamba visawe vilivyozoeleka, yaani hivi hivi, wastani, kiasi na si haba, havibadilishani nafasi: kila kimoja kina mwelekeo wake wa tathmini, na kukosea kuchagua hugeuza hukumu ya msemaji. Hoja ya pili ni kwamba Kiswahili hubeba sehemu ya maana hii katika kitenzi chenyewe, kwa njia ya uradidi, na mfasiri anayetafuta kielezi pekee hupitwa nayo. Hoja ya tatu inahusu upimaji na sera. Inaonyeshwa kwamba neno la hali ya kati likiachwa bila kipimo huficha mambo yale yale ambayo mshauri wa sera anahitaji kuyajua, na kwamba tathmini ya nafasi ya Kiswahili nchini Uganda ni mfano ulio wazi wa tatizo hilo.

1. Utangulizi

Mkazi wa Kampala akiulizwa chakula cha hotelini kilikuwaje, aweza kujibu kwa neno moja la Kiingereza: "Somehow." Msikilizaji aliyekulia katika Kiingereza cha Uingereza hubaki akisubiri sentensi imalizike, kwa kuwa kwake neno hilo lina maana ya "kwa njia isiyojulikana" na halisimami peke yake kama sifa. Kwa mwenyeji, sentensi imekwisha. Chakula hakikuwa kibaya kiasi cha kurudishwa jikoni, wala hakikuwa kizuri kiasi cha kumpendekezea rafiki.

Jibu hilo likibaki mezani halina madhara. Mambo hubadilika linapohamia kwenye ukumbi wa mkutano, likawa jibu la swali "Ufundishaji wa Kiswahili unaendeleaje?", kisha likafasiriwa kwa ajili ya wajumbe wanaotoka Dodoma, Nairobi na Bujumbura. Mkalimani ana nukta chache za kuchagua. Akisema "kwa namna fulani", amefuata kamusi na kupoteza maana. Akisema "hivi hivi", huenda amemshutumu mtu ambaye msemaji hakukusudia kumshutumu. Akisema "si haba", amempa pongezi ambazo hakupewa. Majibu hayo matatu yaweza kuzaa maazimio matatu tofauti.

Makala haya yanachunguza kwa nini hali iko hivyo na nini kifanyike. Mifano ya sentensi iliyomo imetungwa kwa ajili ya uchambuzi, na haikunukuliwa kutoka katika ripoti au kwa msemaji yeyote.

2. Maneno mawili yenye historia mbili

"So-so" ni neno kongwe. Limekuwamo katika maandishi ya Kiingereza tangu karne ya 16, na Shakespeare alimpa mchekeshaji Touchstone, katika tamthilia ya As You Like It, nafasi ya kulichezea mbele ya mshamba anayeulizwa kuhusu utajiri wake. Mchezo huo wa maneno unafaa kukumbukwa na wahakiki, kwa sababu unaonyesha kwamba hata wakati ule wasemaji waliona utata wake: neno lisilosema zuri wala baya laweza kusukumwa upande wowote na yeyote anayelishika.

Umbo lake nalo linavuta macho ya mfasiri wa Kiswahili. Kiingereza kimerudia kielezi kinachoonyesha namna. Kiswahili kimefanya jambo hilo hilo katika hivi hivi, ambalo ni kionyeshi cha ngeli ya vi- kilichogeuka kielezi cha namna kisha kikarudiwa. Wafaransa nao husema "comme ci, comme ça", yaani kama hivi na kama vile. Inaelekea lugha nyingi, zinapotafuta neno la hali isiyo na sifa, huishia kunyoosha mkono na kuonyesha tu. Hata hivyo, mfanano wa umbo si dhamana ya mfanano wa maana, kama itakavyoonekana katika sehemu ya tatu.

"Somehow" ina historia nyingine. Katika Kiingereza cha Uingereza ni kielezi cha njia isiyojulikana: mwanafunzi alifaulu, lakini haieleweki alifauluje. Jijini Kampala neno hilo limepata kazi tatu za ziada. Kwanza, hukaa mbele ya kivumishi na kupunguza makali yake, kama katika kumwelezea mtu aliye "somehow tall", yaani mrefu kiasi. Pili, hukaa baada ya kitenzi kishirikishi na kuwa sifa kamili: chakula ni "somehow", mkutano ulikuwa "somehow", mgonjwa anajisikia "somehow". Tatu, hutumika kulainisha hukumu ambayo msemaji hataki kuitoa waziwazi, hasa kuhusu mtu ambaye tabia yake ina walakini.

Matumizi haya si ya Uganda pekee. Wanaijeria nao husema kwamba wanajisikia "somehow". Kwa hiyo haitoshi kuyaeleza kwa kusema kwamba ni Luganda kilichovikwa nguo za Kiingereza. Huenda ukaribu wa sauti na maana kati ya "somehow" na "somewhat" umechangia katika kazi ya kwanza. Kiingereza cha Uganda kimeanza kupewa heshima ya kuchunguzwa kama lahaja yenye kanuni zake: mwaka 2014 Bernard Sabiiti alichapisha kamusi ndogo ya lahaja hiyo chini ya jina la Uglish, na mwaka 2016 ukafuata mkusanyo wa tafiti za kitaaluma uliohaririwa na Christiane Meierkord, Bebwa Isingoma na Saudah Namyalo. Linalobaki ni kwa wanaisimu wa Kiswahili kuichukulia lahaja hiyo kuwa lugha chanzi halisi. Mkalimani wa Kampala hafasiri Kiingereza cha London. Anafasiri Kiingereza anachokisikia, na kamusi zetu za lugha mbili hazikuandikwa kwa ajili ya Kiingereza hicho.

3. Visawe vinne kwenye mizani

Kisawe cha kwanza ni hivi hivi. Ni kweli kwamba mtu aweza kusema "Hali yake hivi hivi tu" akimaanisha kwamba hali hiyo si nzuri wala si mbaya. Lakini neno hili lina maana nyingine zilizo na nguvu zaidi. Anayesema "Hakufukuzwa hivi hivi" anadai kwamba ilikuwapo sababu. Anayekunywa chai hivi hivi anakunywa bila kitafunio. Anayeingia ofisini kwa watu hivi hivi ameingia bila ruhusa wala utaratibu. Kiini cha maana zote hizi ni ukosefu: wa sababu, wa nyongeza, wa mpango. Kwa hiyo sentensi ya Kiingereza inayosema kwamba mradi ulitekelezwa "so-so" ikifasiriwa "Mradi ulitekelezwa hivi hivi", msomaji wa Kiswahili atasikia kwamba ulitekelezwa bila mpango. Hapo tathmini imegeuka kuwa shutuma, na mkaguzi wa hesabu ataanza kutafuta nyaraka.

Kisawe cha pili ni wastani. Asili yake ni mzizi wa Kiarabu unaotaja kilichoko katikati, na katika fikra ya Kiislamu iliyolea sehemu kubwa ya msamiati wa pwani, katikati ni mahali pa heshima: ni uadilifu, ni kutopindukia. Msemo wa Kiarabu unaosifu mambo ya katikati kuwa ndiyo bora unafahamika vyema madrasani. Kiingereza kilichukua njia tofauti. Neno la Kilatini lililomaanisha kiasi cha kati liliingia humo na baada ya muda likawa tusi la adabu, na leo hakuna mwandishi anayefurahi kazi yake ikiitwa "mediocre". Sambamba na hayo, wastani limechukuliwa na hisabati kuwa jina la idadi inayopatikana kwa kujumlisha na kugawanya. Neno moja basi lina sura tatu: fadhila, idadi na hukumu. Anayesema "matokeo ni ya wastani" hana budi kueleza anazungumzia sura ipi.

Kisawe cha tatu ni kiasi. Hiki ndicho kinachokaribiana zaidi na kazi ya kwanza ya "somehow" ya Kampala: "mrefu kiasi", "amechoka kiasi". Ubora wake ni kwamba kinapunguza daraja bila kuhukumu. Udhaifu wake ni kwamba hakisimami peke yake kuwa sifa. "Chakula kilikuwa kiasi" humfanya msikilizaji adhani kinachozungumziwa ni wingi wa chakula, pengine kwamba hakikutosha.

Kisawe cha nne ni si haba. Hapa Kiswahili kinakanusha uchache ili kuthibitisha utoshelevu. Mtu anayejibu "Si haba" hukiri kwamba kilichopatikana hakijai, lakini anakipokea kwa shukrani. Ukilinganisha kisawe hiki na hivi hivi, tofauti hudhihirika. Si haba huanzia chini na kutazama juu: tumevuka sakafu. Hivi hivi huanzia juu na kutazama chini: hatukufika darini. Jambo linalotathminiwa laweza kuwa lile lile na likawa limesimama pale pale, lakini wasemaji wawili wamesimama sehemu tofauti. "So-so" haibainishi mahali pa kusimama, na "somehow" ya Kampala, ingawa huelekea kutoridhika, nayo haibainishi. Kiswahili kinamlazimisha mfasiri kuchagua.

Kuhusu "kwa namna fulani", ambayo ndiyo tafsiri ya kwanza inayomjia mwanafunzi yeyote, inatosha kusema kwamba inafaa kwa Kiingereza cha Uingereza na haifai hata kidogo kwa kazi ya pili na ya tatu za neno hilo jijini Kampala. "Chakula kilikuwa kwa namna fulani" si Kiswahili, ni mabaki ya sentensi.

4. Kitenzi kinachojirudia

Uchambuzi wa visawe ukiishia hapo, utakuwa umeacha nje rasilimali ambayo Kiswahili kinayo na Kiingereza hakina. Katika Kiswahili, hali ya kati aghalabu haitajwi kwa kielezi. Hutajwa kwa kukirudia kitenzi.

Mtu anayelima hulima. Mtu anayelimalima ana jembe, ana shamba, na asubuhi huonekana akielekea huko, lakini hakuna anayetarajia mavuno yake. Vivyo hivyo, kusoma ni kazi, kusomasoma ni kufungua kitabu na kukifunga. Uradidi wa kitenzi una maana ya marudio pia, kama katika mtoto anayelialia, na muktadha ndio unaoamua. Lakini pale unapodokeza ulegevu, humwelekea mtenda. Ndiyo tofauti kubwa kati yake na "so-so". Kielezi cha Kiingereza hupima matokeo: kazi ilitoka si nzuri si mbaya. Uradidi wa Kiswahili hupima dhamira: mtenda hakujitoa.

Tofauti hii ina uzito kwa mshauri wa sera. Tuchukue sentensi mbili: "Shule inafundisha Kiswahili, lakini matokeo si ya kujivunia" na "Shule inafundishafundisha Kiswahili." Ya kwanza inamwelekeza msomaji atafute vikwazo, kama vile vitabu, walimu, idadi ya vipindi. Ya pili inamwelekeza atafute nia: je, kipindi kilichoandikwa kwenye ratiba kinafundishwa, au kinapewa mwalimu wa somo jingine akimalizie mtaala wake? Kiingereza cha ripoti kingeweza kuzifupisha sentensi zote mbili kwa neno moja, na dawa ya ugonjwa mmoja ikapelekwa kwa mgonjwa mwingine. Kupeleka vitabu mahali penye upungufu wa nia hakuponyi kitu. Kuhimiza nia mahali pasipo na mwalimu ni kumdhulumu aliyejitahidi.

Ni vyema kuongeza kwamba uradidi si mgeni masikioni mwa Waganda. Luganda nacho hurudia kitenzi, kama katika okutambulatambula, kutembeatembea. Mwanafunzi wa Kampala anayejifunza Kiswahili kwa hiyo anayo tayari ngazi ya kupandia. Anachohitaji ni mwalimu wa kumwonyesha kwamba ngazi hiyo ipo, badala ya kumpa orodha ya vielezi vya kukariri mkabala na maneno ya Kiingereza.

5. Adabu ya kutosema

Pingamizi moja linastahili kujibiwa kabla ya kuendelea. Yaweza kudaiwa kwamba uhakiki huu unaidai lugha usahihi ambao watu wenyewe hawautaki. Neno lisilo na upande lina kazi yake. Katika pwani ya Waswahili, aliyeulizwa "Hujambo?" hujibu "Sijambo" kwanza, hata kama homa imemlaza, na maelezo hufuata baadaye kwa anayestahili kuyasikia. Nchini Buganda, aliyeulizwa "Oli otya?" hujibu "Gyendi", yaani nipo. Kuwapo kwenyewe ni jibu. "Somehow" ya Kampala imo katika ukoo huo wa maneno ya staha: inamwezesha mgeni asimwaibishe mwenyeji, na mdogo asimsute mkubwa.

Pingamizi hili ni la kweli, na makala haya hayapendekezi kwamba maneno hayo yafukuzwe. Lakini salamu na ripoti ni tanzu mbili. Katika salamu, wahusika wote wanajua kwamba habari kamili imehifadhiwa, na wanajua pa kuipata. Katika ripoti, msomaji yuko mbali, hamjui mwandishi, na hana njia ya kurudi baadaye jioni kuuliza kilichonyamaziwa. Staha inayomlinda mwenyeji mezani humlinda, katika ripoti, mtu asiyepaswa kulindwa, na anayelipa ni mwanafunzi.

6. Ngazi za upimaji: neno moja, madaraja mawili

Uzito wa suala hili unaonekana wazi katika mitihani. Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa Uganda wa mwaka 2024, ya kwanza chini ya mtaala mpya unaozingatia umahiri, yalitolewa na Baraza la Mitihani la Taifa la Uganda kwa herufi A hadi E. Kila herufi ina maelezo yake ya Kiingereza, na herufi C, iliyo katikati kabisa ya ngazi tano, imeelezwa kuwa "satisfactory". Mfasiri yeyote wa Kiswahili ataandika bila kusita: "inaridhisha".

Nchini Tanzania neno hilo tayari lina mahali pake. Katika mtihani wa kidato cha nne unaosimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, daraja linaloelezwa kuwa la kuridhisha ni D, lenye alama 30 hadi 44. Ni daraja la mwisho la kufaulu kabla ya kufeli. Kwa hiyo cheti cha Mganda aliyeko katikati ya ngazi, kikifasiriwa kwa uaminifu wa kamusi, kitasomwa Dar es Salaam kana kwamba mwenye nacho amepona chupuchupu. Tangu mwaka 2017, Jumuiya ya Afrika Mashariki imetangazwa kuwa eneo la pamoja la elimu ya juu, na wanafunzi wanatarajiwa kuvuka mipaka wakiwa na vyeti hivyo. Kosa la kisawe kimoja si la kinadharia.

Aidha, ndani ya Tanzania kwenyewe, matokeo ya elimu ya msingi huonyesha wastani wa shule kama idadi, kisha huipa shule daraja lenye neno la sifa. Hapo wastani ni hesabu na hauna sifa yoyote, na shule yenye wastani wa juu kabisa ina wastani vilevile. Mzazi anayeambiwa kwamba mtoto wake "ni wa wastani" na mzazi anayeonyeshwa "wastani wa shule" wamepewa vitu viwili tofauti katika vazi moja.

Kenya imejaribu njia nyingine. Mtaala wake wa umilisi hupima kwa kutumia matarajio: kuna mwanafunzi aliyeyazidi, aliyeyafikia, anayeyakaribia, na aliye mbali nayo. Maneno haya si kamilifu, kwani bado yahitaji kubainishwa ni matarajio ya nani. Hata hivyo yana mambo mawili ambayo "so-so" haina. Yanataja kipimo, na yanataja uelekeo. Anayekaribia yuko njiani, na mwalimu anajua ampeleke wapi.

7. Kiswahili cha Uganda chini ya kielezi

Hakuna mahali ambapo neno la hali ya kati limetumika kwa urahisi zaidi kuliko katika kuzungumzia nafasi ya Kiswahili chenyewe nchini Uganda. Kauli kwamba lugha hii "inaendelea hivi hivi" inakubalika kwa sababu haimkasirishi yeyote. Ikipasuliwa, hata hivyo, inaonekana imejumlisha mambo yasiyojumlishika.

Historia ni ndefu na ina vipindi vinavyopingana. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kikuzwe nchini, na mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa akaandika kupinga. Kati ya mwaka 1952 na 1962, Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyorithi kazi ya kusanifisha lugha, ilikuwa na makao yake Makerere. Mwaka 1973 utawala wa Idi Amin ulikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na kwa familia nyingi za kusini lugha hiyo ilikuja kukumbukwa kama sauti ya askari mlangoni. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yaliifanya kuwa lugha rasmi ya pili, itumike katika mazingira ambayo Bunge litayaweka kwa sheria. Mwaka 2019 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kuundwa kwa Baraza la Kitaifa la Kiswahili. Mwaka 2020 mtaala mpya wa sekondari ya chini ulilifanya somo la Kiswahili kuwa la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia Kiswahili kama lugha rasmi ya Jumuiya, na mwaka 2023 Kampala ikawa mwenyeji wa maadhimisho ya Jumuiya ya Siku ya Kiswahili Duniani.

Ni hali gani basi iliyo ya "kati" hapa? Katika ngazi ya matamko, hali si ya kati hata kidogo: ni ya juu. Katika Katiba, lugha imepewa cheo, lakini cheo hicho kimefungwa kwenye sharti la sheria ya Bunge, na sharti si hali ya kati, ni kazi ambayo ama imefanyika ama haijafanyika. Katika mtaala, ulazima wa miaka miwili una mwanzo na mwisho unaojulikana, na swali lililo wazi ni nini kinampata mwanafunzi anapoingia kidato cha tatu. Katika jeshi na polisi, Kiswahili kina mizizi iliyotangulia uhuru. Sokoni, kina nguvu mahali ambapo wafanyabiashara wanatoka makabila mengi na unyonge mahali ambapo Luganda kinatosha.

Kuchukua hali hizo tano na kuziita "so-so" ni sawa na kuchukua mvua ya Kampala na ukame wa Karamoja, kuzijumlisha na kuzigawanya kwa mbili, kisha kumpa mkulima jibu. Idadi itapatikana, na hesabu itakuwa sahihi, lakini hakuna mkulima, wa huku wala wa kule, atakayejua lini apande.

Kielezi hicho kina athari nyingine isiyoonekana kwa haraka. Kinaondoa mtenda. Jambo "linaendelea hivi hivi" lenyewe, kama maji ya mto. Sentensi za Kiswahili zenye kitenzi kilichonyooka hazitoi nafasi hiyo: Bunge limetunga au halijatunga, wizara imeajiri au haijaajiri, shule inafundisha au inafundishafundisha. Kwa kuwa kitenzi cha Kiswahili hubeba kiambishi cha nafsi au ngeli ya mtenda, mwandishi anayekitumia vizuri analazimika kusema ni nani. Lugha inayotathminiwa ndiyo yenye vifaa bora vya kufanyia tathmini yake, lakini ripoti kuihusu huandikwa kwa lugha nyingine.

8. Hitimisho na mapendekezo

Makala haya yameonyesha kwamba "so-so" na "somehow" ya Kampala hazina kisawe kimoja cha Kiswahili, na kwamba hilo si pengo katika Kiswahili. Kiswahili kimezigawa kazi zao: kiasi kwa kupunguza daraja, si haba kwa kupokea kidogo kwa shukrani, hivi hivi kwa ukosefu wa mpango au sababu, wastani kwa hesabu na kwa kutopindukia, na uradidi wa kitenzi kwa ulegevu wa mtenda. Kutokana na mgawanyo huo yanatolewa mapendekezo manne.

Kwanza, kamusi za Kiingereza na Kiswahili zitakazotungwa au kurekebishwa zikiingize Kiingereza cha Uganda kama lahaja yenye maana zake, na chini ya kila kielezi cha tathmini zitoe sentensi za mfano, badala ya mfululizo wa visawe vilivyotenganishwa kwa mkato. Pili, mafunzo ya wakalimani yawazoeze kuuliza maswali matatu kabla ya kufasiri neno la hali ya kati: linapima matokeo au juhudi, limesimama juu au chini ya kinachotarajiwa, na kipimo chake ni kipi. Tatu, mabaraza ya mitihani ya nchi wanachama, kwa kushirikiana na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yakubaliane juu ya istilahi za Kiswahili za madaraja, na mpaka hapo yatakapokubaliana, kila cheti kinachofasiriwa kitaje nafasi ya daraja katika ngazi nzima: "la tatu kati ya matano" haliwezi kusomwa vibaya popote. Nne, ripoti za utekelezaji wa sera ya lugha nchini Uganda zitenganishe medani, yaani sheria, mtaala, walimu, vyombo vya usalama na soko, na kila medani ipewe sentensi yenye mtenda na kitenzi.

Pendekezo la mwisho ndilo jepesi zaidi kwa gharama na gumu zaidi kwa mazoea. Halihitaji fedha wala sheria mpya. Linahitaji tu kwamba mwandishi wa ripoti, anapofika mahali ambapo kalamu inataka kuandika "hivi hivi", asimame na kuuliza: ni nani hajafanya nini?